Pikipiki ya Theluji ya Papa Dieudonné

Vijana wangu wa karakana, siku mlipokata keki ya kuniaga mlinitaka nihutubie, nikashindwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa hiyo keki. Sasa nina nafasi. Nimekaa kibarazani kwangu hapa Observatory, Johannesburg, chai ipo, goti limetulia, na hakuna anayeniita kutoka uani kuniambia jenereta ya kanisa imezimika katikati ya kwaya. Basi nawaandikia. Msitafute humu habari za mishahara wala vyeo. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye kushika spana na mwenye kushika tochi, na nyote mmeshika tochi yangu.

Nilikuja mjini hapa kutoka Bukavu nikiwa na mwanangu Riziki mgongoni na ujuzi mmoja tu wa maana: baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, nami nilikua nikiisikiliza. Hapa nilianza kwa kufanya usafi katika nyumba za watu. Siku moja mashine ya kukatia majani ya yule mama niliyekuwa namfanyia kazi ilikataa kuwaka, akanituma niipeleke kwa Mzee Shomari, Mtanzania wa Tanga aliyekuwa na karakana ndogo nyuma ya duka la rangi. Nikaisukuma kwenye lami mtaa mzima, watu wakinicheka. Nilipofika sikuondoka. Nilisimama nikamwangalia anavyoifungua hadi akachoka kuangaliwa.

"Mama, unataka mashine au unataka kazi?" akauliza.

"Vyote, Mzee."

Kesho yake akanipa mashine mbovu na spana. "Fungua yote. Ukimaliza, funga. Bolti zikibaki, usirudi."

Nilifunga hadi jioni, ikabaki bolti moja. Nikamwonyesha kiganjani, machozi yananilengalenga. Mzee Shomari akacheka mpaka akashika ukuta. "Moja tu? Mimi siku yangu ya kwanza zilibaki za kutosha kuunda mashine nyingine. Njoo kesho." Ndivyo nilivyoingia kazini. Ile bolti hadi leo sijui ilitoka wapi, na ile mashine ilikata majani miaka mingi bila kuidai.

Nyinyi mna simu zinazosoma injini. Mzee Shomari alikuwa na masikio na pua. Plagi ikitoka kwenye injini, kabla ya kuitazama anainusa, kisha ananipa na mimi ninuse. Petroli iliyolala, oili iliyoungua, raba iliyopata joto, kila kimoja kina harufu yake, na alinifundisha hizo harufu kama mwalimu wa chekechea anavyofundisha herufi. Alinicheka Kiswahili changu cha Bukavu kila siku ya Mungu, nami nikamcheka chake cha Tanga kwamba kinachukua nusu saa kufika kwenye habari yenyewe. Tulielewana sana.

Jambo moja alilisisitiza kuliko yote. Mashine ya zamani ikiletwa, alisema, ifungue. Mashine mpya ikiletwa, usiifungue kwanza, muulize mwenyewe alivyoipokea. Niliona ni maneno ya uzee tu, hadi tulipopata kesi ya yule ndugu mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot. Alinunua jenereta mpya wakati ule umeme unakatwa kwa zamu, ikawa inazimika kila baada ya muda mfupi. Mimi nikarukia kabureta. Mzee akamuuliza inakaa wapi. "Ndani ya kabati," akajibu yule ndugu, "tena nimeifunika blanketi, isiibiwe." Ilikuwa inakosa hewa kwa kupendwa. Mashine mpya nyingi, vijana wangu, huugua mapenzi ya mwenyewe.

Sasa niwape ile kesi mnayoiuliza kila mnapouona ule mkanda mchafu ukutani.

Ilikuwa miaka michache tu kabla sijastaafu. Mzee Shomari alikuwa ameshaacha kazi za mikono, lakini kila asubuhi alikuja na kiti chake akakaa mlangoni kutukosoa. Mwisho wa kiangazi hivi, ikaja bakkie, pikapu kama waitavyo huku, inavuta trela, na juu ya trela kitu kimefunikwa turubai. Akashuka Papa Dieudonné, mtu wa kwetu Bukavu, mlinzi wa usiku katika maghala ya mjini. Mkewe, Mama Gloire, akashuka upande wa pili amenuna. Papa Dieudonné akavuta turubai kama anafunua bibi harusi.

Mbele kulikuwa na vibao viwili vya kutelezea. Nyuma, badala ya gurudumu, mnyororo mpana wa mpira. Kiti kirefu, usukani, rangi nyekundu inayong'aa.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Pikipiki ya theluji," akasema Papa Dieudonné, kifua mbele.

Mzee Shomari akainuka kwenye kiti, akaizunguka mara moja, akatazama jua la Johannesburg, akaitazama tena. "Theluji yenyewe inakuja na trela nyingine?"

Mama Gloire akaangua kicheko cha uchungu. "Mwambie, Mzee! Mwambie! Mimi ananiona adui."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Msimu wa baridi uliopita Papa Dieudonné alikwenda kulinda hoteli moja juu milimani, karibu na mpaka wa Lesotho, ambako wazungu na watoto wa matajiri wa Sandton hupanda kuteleza. Akaona mizigo ya wageni na kuni zinavyohangaisha watu kupandishwa kwenye vibanda vya juu. Akazungumza na meneja, wakakubaliana: akija na chombo chake mwenyewe, kazi ya kubeba ni yake msimu mzima. Sharti moja. Theluji ya kwanza ikianguka, chombo kijaribiwe na mzigo mlimani. Kikishindwa, kazi anapewa jamaa mwingine mwenye trekta. Ili chombo kipatikane Mama Gloire alifunga saluni yake ya kusuka pale mjini, akauza viti, vioo na mashine za kukaushia nywele. Mnaelewa sasa kwa nini alinuna. Pikipiki ilikuwa mpya kabisa, imetoka kwenye kreti juzi, na inatoa moshi mweusi, inakohoa, inazimika.

"Mama Riziki," Papa Dieudonné akaniambia kwa sauti ya chini, "usiku silali. Hiyo masini ikikataa, nitamutazama namna gani huyu mama?"

Mimi nilikuwa sijawahi kuigusa theluji, seuze pikipiki yake. Lakini injini ni injini. Nikatoa plagi: nyeusi, zimelowa petroli. Nikanusa, nikampa Mzee, akanusa, tukatazamana tukacheka. Ugonjwa tuliujua. Mashine za majani zinazotoka Durban huja nao kila mwaka. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na mashine iliyopimwa kwa nchi ya chini hunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata, basi inapaliwa. Kile kitundu cha shaba ndani ya kabureta, jeti, kinahitaji kuwa kidogo zaidi. Nikabadilisha, na kwa sababu mlimani ni juu kuliko hapa, nikamwekea na nyingine ndogo zaidi akafunge atakapofika. Tukainyanyua nyuma juu ya stendi, nikawasha. Ikaimba! Mnyororo ukazunguka hewani, vumbi la karakana likaruka, Papa Dieudonné akacheza ndombolo pale pale, Mama Gloire akajizuia kutabasamu akashindwa. Nikasema sharp, kazi imekwisha. Mzee Shomari akauliza kama nimemuuliza mwenyewe alivyoipokea. Nikamwambia Mzee, moshi wenyewe umeshajieleza. Akarudi kwenye kiti chake.

Alasiri ile ile, kabla hawajaondoka, mbingu ikafunga. Mnaijua mvua ya mawe ya hapa. Ilipiga mabati hata hatukusikiana, wenye magari wakakimbia kuyafunika kwa mablanketi na mazulia, halafu ikakoma ghafla, jua likatoka, na mtaa wetu wote, ule unaopanda kilima, ukawa mweupe pee.

Tukatazamana. Tukaikamata ile pikipiki, hata Mzee Shomari na mgongo wake, tukaiteremsha barabarani.

Nawaambieni, mtaa mzima ulitoka. Watoto, walinzi, mabinti wa saluni na vitana vichwani, mpaka mama wa Kiburundi muuza mboga aliacha meza yake. Simu zote juu. Riziki wangu, ambaye siku hizi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, akapiga kelele, "Mama! Panda!" kwa Kiswahili safi. Papa Dieudonné akapanda, akavuta moto. Injini ikalia vizuri ajabu. Pikipiki ikasogea kidogo. Ikasita. Injini inapanda sauti, inalia kama inakwenda Cape Town, na chombo kiko pale pale mbele ya lango la jirani. Watu wakashangilia mwanzoni, wakanyamaza, kisha mmoja akasema "Eish," na mtaa wote ukaisikia.

Mama Gloire akageuka akaingia ndani. Papa Dieudonné akabaki amekaa juu ya kiti chake kirefu, mikono usukanini, mawe yanayeyuka chini yake. Roho iliniuma.

Tuliirudisha karakana. Juu ya stendi ikazunguka vizuri tena, kwa maringo kabisa. Hewani inakwenda, chini haiendi. Nikainama karibu, na hapo ndipo harufu ikanijia. Si petroli, si oili ya injini, si raba peke yake. Harufu ya jikoni. Nikadhani njaa. Nikamwita Mzee Shomari, akainama kwa shida, akanusa.

"Nani anakaanga?" akauliza.

Nikamgeukia Papa Dieudonné. "Ulipoitoa kwenye kreti, mlifanya nini? Nieleze yote."

"Hatukufanya kitu, mama. Tuliipeleka tu kanisani."

"Kanisani wapi? Lenu liko ghorofani."

"Hapo chini, kando ya barabara. Tuliiombea. Wazee wakaweka mikono, Pasta akaipaka mafuta. Si kila gari mupya tunaipaka?"

Gari jipya hupakwa kidole kimoja kwenye boneti, hilo nalijua, mimi pia ni mtu wa kanisa. "Akaipaka wapi?"

Ni Mama Gloire aliyejibu, kutoka mlangoni. "Pasta alisema injini ndiyo moyo, basi ifunguliwe. Akamimina. Chupa nzima, Mama Riziki. Mafuta ya zeituni, mimi mwenyewe niliinunua."

Nikafungua ubavu wa ile pikipiki. Nguvu ya injini inakwenda kwenye mnyororo kwa mkanda wa mpira unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda ukishika, unakwenda. Mkanda na puli zilikuwa zinang'aa mafuta kote, kachumbari ingeweza kutengenezwa pale. Bila mzigo unazunguka tu. Ukiushusha chini ubebe mtu, unateleza. Mzee Shomari akatikisa kichwa. "Sisi kwetu tunasema bismillahi, yatosha. Tena haimwagiki."

Nilicheka, jamani, kwa furaha ya kupata ugonjwa. Dawa yake ni ndogo: futa puli kwa thina, piga msasa kidogo, funga mkanda wa akiba uliokuja na chombo. Nikachukua kitambaa. Papa Dieudonné akanishika mkono.

"Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Hiyo ni mafuta ya upako. Hautaipanguza na thina. Unipanguzie baraka yangu mimi niende nayo wapi? Kwenye mulima?"

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania, mkono wangu hakuuachia. Mama Gloire akalipuka: "Viti vyangu! Vioo vyangu! Baraka gani inaishia mbele ya lango la jirani?" Mumewe akamwambia asikufuru. Akamwambia yeye hakufuru, yeye ana njaa. Mimi niko katikati na kitambaa mkononi. Mashine naiweza, lakini mtu akishika imani yake mbele ya injini, spana ya kumfungulia sina. Nikasema, basi, tumwite aliyepaka.

Pasta Ezekieli wiki nzima ni fundi cherehani pale mjini, Jumapili ndipo anakuwa mchungaji. Alikuja na futi ya kushonea bado shingoni. Ile bakkie ilikuwa yake. Nikamwonyesha mkanda, nikamweleza. Alisikiliza, akainama, akanusa. Nilikuwa naogopa, nisidanganye, maana kumwambia mtumishi wa Mungu mbele ya kondoo wake kwamba upako wake ndio umeharibu mashine si jambo dogo.

"Eish," akasema. "Nilimimina?"

"Ulimimina, Pasta," akasema Mama Gloire.

"Yote?"

"Yote."

Akasimama. Akatazama pikipiki, akamtazama Papa Dieudonné, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Kicheko kikamtoka, tena cha tumboni. Akaninyang'anya kitambaa. "Dieudonné, ndugu yangu, mimi ndiye niliyepaka, acha mimi nifute. Baraka ya Mungu kama inatoka kwa thina, basi haikuwa yake, ilikuwa ya yule muuza mafuta." Akapiga magoti kwenye sakafu yetu chafu na suruali yake nzuri, akafuta puli moja, akafuta ya pili, akaniuliza kama imetakata, nikamwambia bado huku nyuma, akafuta na huko. Papa Dieudonné naye akapiga magoti upande mwingine, akashika kitambaa chake. Mzee Shomari akawaambia wamechelewa sana kujifunza ufundi. Ule mkanda wa zamani niliutundika ukutani. Mpaka leo unanukia saladi.

Theluji ya kwanza ilipoanguka milimani, Papa Dieudonné akapiga simu kwamba bila fundi haendi. Tukapanda bakkie ya Pasta usiku kucha, trela nyuma, Mama Gloire dirishani. Asubuhi nikaiona theluji kwa macho yangu. Siwezi kuisema. Niliikanyaga, nikaila, nikajaza mfuko wa koti nimpelekee Riziki, ikanilowesha paja. Nikafunga ile jeti ndogo, vidole haviniitikii.

Meneja akatoka na wafanyakazi wake. Yule jamaa wa trekta naye alikuwepo, mikono mifukoni. Wakapakia magunia ya kuni kwenye sleji, kile kitelezi cha kukokotwa nyuma ya pikipiki, tena bila huruma. Papa Dieudonné akakaa, akageuka, akasema, "Pasta, utuombee."

Pasta akatoa chupa kwenye koti. Mimi na Mama Gloire tukaruka kwa pamoja mbele ya injini. Pasta akatutazama, akatabasamu, akamimina tone moja kidoleni, akalipaka kwenye paji la uso la Papa Dieudonné. "Masini imeshapata ya kutosha," akasema.

Nikawasha. Mkanda ukashika. Niliusikia ukishika, ile sauti ya kubana inayoshuka kisha inapanda, na pikipiki ikaondoka na kuni zake, ikapanda, ikapanda, ikapinda nyuma ya mwamba, ikaonekana tena ndogo nyekundu pale juu kwenye vibanda. Jamaa wa trekta akapiga makofi, muungwana yule. Meneja akaingia ndani kuagiza chai. Papa Dieudonné aliporudi alikuwa analia na kucheka, kamasi zimeganda. Akasimamisha chombo mbele ya mkewe.

Mama Gloire alikuwa ameapa hatakaa juu ya kile kitu maisha yake yote. Akafunga vizuri kitenge juu ya suruali, akapanda, akamkumbatia mumewe kiunoni. "Twende," akasema, "na usinipitishe polepole mbele ya hao watu." Kelele aliyopiga kwenye mteremko ule ilifika kwetu kabla ya pikipiki. Saluni yake amefungua tena, mnaijua, ndiyo inayowanyoa.

Kila mwaka kabla ya baridi waliniletea ile pikipiki niikague, na kila mwaka Pasta Ezekieli aliuliza kwanza, "Mama Riziki, leo nipake wapi?" Namwonyesha kioo cha mbele. Anapaka kioo cha mbele.

Sasa narudi kwenye keki. Mtakumbuka kwamba mlipokuwa mnagombania vipande, Pasta alinivuta kando, karibu na ule mkanda. Mliniuliza baadaye tulizungumza nini, nikawaambia mambo ya wakubwa. Alikuwa ametoa chupa yake, imejaa hadi shingoni.

"Mama Riziki," akaniuliza kwa adabu zote, "kwako wewe kuna mahali nisipaguse?"

Nikafungua kilemba. "Hakuna, Pasta. Mimina yote."

Akamimina. Yalinishuka masikioni, yakaingia kwenye kola ya ovaroli yangu ya mwisho, nami nikasimama pale sijafuta hata tone.